Barua ya wazi kwa wakuu wa michezo wa Florida State: 13–1 imegeukaje 2–10?

Kwa: Ndugu Michael Alford, Mkurugenzi wa Michezo, Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Tallahassee
Nakala: Rais wa Chuo, Dkt. Richard McCullough, Bodi ya Wadhamini, Kocha Mkuu, Mike Norvell
Januari 2025

YAH: MSIMU WA FUTIBOLI YA KIMAREKANI WA 2024

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Salamu tunazitanguliza kwa ufupi, maana msimu wenyewe haukutuachia pumzi. Mechi 12, ushindi 2, vipigo 10. Ndani ya ligi ya ACC tumeshinda 1 na kupoteza 7. Mara ya mwisho Florida State kupoteza mechi 10 ilikuwa 1974, miaka miwili kabla kocha wetu maarufu Bobby Bowden hajakanyaga Tallahassee. Na haya yametokea miezi michache tu baada ya kikosi kilichoshinda mechi 13 mfululizo na kutwaa ubingwa wa ACC.

Hatuandiki kudai kocha atimuliwe. Hilo wenye kulipiga kelele wapo wengi, na fedha za kulitekeleza, kama tutakavyoonyesha, hamna. Tunaandika kwa sababu kwenye vijiwe vya mashabiki, na hata kwenye kauli za kiofisi, msimu huu unaelezwa kama ajali: majeruhi, bahati mbaya, kwotabeki, yule mrushaji anayeongoza mashambulizi, aliyekataa kuwaka. Sisi tunasema ugonjwa ulikuwepo tangu 2023, ukafunikwa na ushindi, na unapoanzia ni kwenye wazuiaji, watu watano wanaosimama mbele ya kwotabeki kumkinga. Hatua mlizochukua tangu Novemba zimegusa karibu kila kitu isipokuwa hapo.

Tuanze na hesabu. Kikosi kimefunga alama 185 katika mechi 12, wastani wa 15.4. Toeni zile 41 tulizowafunga Charleston Southern, chuo cha daraja la chini, zinabaki 144 kwa mechi 11, yaani wastani wa alama 13. Katika mechi hizo 11 hatukuvuka alama 21 hata mara moja. Na hizo 21 tulizipata lini? Siku ya kwanza kabisa, Agosti 24, kule Dublin tulikofungwa na Georgia Tech 24–21. Yaani timu iliyoanza msimu ikiwa namba 10 nchini ilifika kileleni siku ya ufunguzi, ikawa inateremka hadi Novemba. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 34.6, hata ukijumlisha zile alama 3 za aibu kwenye Orange Bowl, mechi ya kufunga msimu.

Barua hii itasomwa na wengi waliokulia kwenye soka la Simba na Yanga au Gor Mahia na AFC Leopards, kwa hiyo mtuvumilie tukieleza jambo ambalo kwenu ni la darasa la kwanza. Timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ukifanikiwa unapata mengine 4. Ukishindwa kwa matatu ya kwanza, kwa kawaida jaribio la nne unaupiga mpira mbali na kumkabidhi mwenzako. Kila kitu kinaamuliwa na jaribio la kwanza. Mkimbiaji akipata yadi 4 au 5, mpinzani hajui kinachofuata: utakimbia tena au utarusha? Akipata yadi 1, umebakiza 9, na kila aliyeingia uwanjani, pamoja na muuza karanga, anajua utarusha. Walinzi hawana haja tena ya kusoma mchezo. Wanainama, wanatazama mpira unapoguswa, wanamfuata kwotabeki.

Sasa mkumbuke Septemba 2, Boston College walipokuja uwanjani kwetu, Doak Campbell. Walikimbia yadi 263. Sisi tulikimbia yadi 21, kwa mbio 16. Gawanyeni wenyewe: mbio moja haikufika hata yadi moja na nusu. Hakuna kwotabeki duniani anayeweza kuendesha shambulizi kwa mtaji huo. Tukafa 28–13, nyumbani, usiku wa Jumatatu, taifa zima likitazama. Wiki iliyofuata kikosi kilipumzika, kisha Memphis, timu aliyoifundisha Norvell mwenyewe kabla hajaja kwetu, ikatufunga 20–12 kwenye uwanja uleule. Mechi tatu, vipigo vitatu.

Lawama zote zikamwangukia kwotabeki wetu, DJ Uiagalelei. Alikosea, ndiyo, kule Dallas dhidi ya SMU pasi zake 3 zilinaswa na tukapigwa 42–16. Lakini tumtendee haki. Uiagalelei ni mtu wa kusimama. Mkono wake una nguvu, mwili mzito, na anahitaji sekunde tatu za utulivu nyuma ya wazuiaji ili mpokeaji wa mbali afike anakopaswa kufika. Alikuwa hivyo Clemson, na alikuwa hivyo Oregon State, ambako alikingwa na safu nzuri na akafanya vizuri. Nyinyi mlimsajili mtu wa kusimama, mkampa safu isiyoweza kumsimamisha.

Jordan Travis, kwotabeki aliyemtangulia, alikuwa kinyume chake, na ndiyo maana ugonjwa haukuonekana mapema. Mlinzi akipenya, Travis alikuwa ameshapinda bega, ametoka upande wa kulia, anamtafuta mpokeaji, Keon Coleman au Johnny Wilson, pembeni ya uwanja. Mchezo uliovunjika unageuka yadi 18 na uwanja unalipuka. Kwenye vitabu inaandikwa pasi iliyokamilika. Haiandikwi kwamba mzuiaji wa kulia alipitwa ndani ya sekunde mbili. Kwa miaka miwili Travis aliwalipia wenzake madeni, na sisi mashabiki tukadhani safu ni imara.

Alipovunjika mguu Novemba 18, 2023, dhidi ya North Alabama, deni likadaiwa mara moja. Florida tuliwashinda 24–15, na Louisville kwenye fainali ya ACC tukawashinda 16–6, lakini ushindi wa mechi zote mbili uliletwa na walinzi. Kwenye fainali ile Brock Glenn, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeingizwa kwa sababu hata Tate Rodemaker alikuwa nje, alikamilisha pasi 8 kati ya 21 kwa yadi 55. Kesho yake kamati ya mchujo wa ubingwa wa taifa ikatuweka namba 5 na kumchukua Alabama, tukawa bingwa wa kwanza wa ligi kubwa asiyefungwa kuachwa nje ya mchujo wa timu nne. Tulilia dhuluma, na tutaendelea kulia; ubingwa huchezwa uwanjani, haupigiwi ramli. Ila ndani ya kelele zile tulipitisha bila kuliangalia swali ambalo kamati iliuliza kwa nia mbaya: bila Travis, shambulizi hili lina nini?

Jibu lilikuja Desemba 30, kwenye Orange Bowl. Georgia 63, Florida State 3. Tukaambiwa tusiihesabu mechi hiyo kwa sababu zaidi ya wachezaji 20 hawakucheza. Sawa. Lakini walioondoka ndio hao hao waliokuwa wakienda zao. Sehemu kubwa ya waliobaki kucheza usiku ule ndio walioanza msimu wa 2024. Ile haikuwa mechi ya kutohesabiwa. Ilikuwa mazoezi ya kwanza ya msimu uliofuata, na hakuna aliyeisoma.

Hapa tunafika kwenye usajili. Aprili 2024 wachezaji wetu 10 walichukuliwa kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NFL, ligi ya kulipwa, na chuo kikatangaza kwa fahari. Hebu tuyapitie majina. Jared Verse alitoka Albany. Keon Coleman, Michigan State. Braden Fiske, Western Michigan. Trey Benson, Oregon. Johnny Wilson, Arizona State. Jaheim Bell, South Carolina. Tatum Bethune, UCF. Jarrian Jones, Mississippi State. Travis mwenyewe alianzia Louisville. Aliyesajiliwa na Florida State moja kwa moja kutoka sekondari ni mmoja, Renardo Green. Mmoja kati ya kumi!

Hatusemi uhamisho ni dhambi. Bila dirisha la uhamisho kusingekuwa na 10–3 ya 2022 wala 13–1 ya 2023, na Norvell anastahili sifa kwa jicho lake. Lakini kuna uhamisho na uhamisho. Travis alikaa misimu mitano, Jones minne. Verse, Benson, Wilson na Bethune walikaa miwili. Walipofika walikuwa na mwaka mzima wa kujifunza kabla ya kubeba timu. Wa mwaka mmoja tu walikuwa Coleman, Fiske na Bell, na walikuta nyumba imesimama. Mwaka 2024 hesabu iligeuzwa: Uiagalelei aliyebakiza msimu mmoja aliletwa awe nguzo yenyewe, na nyuma yake wakaja vijana wa Alabama kama Malik Benson, Roydell Williams, Earl Little Jr. na Shawn Murphy, waliotarajiwa kuziba nafasi za watu wanaolipwa sasa na NFL. Benchi la vijana waliolelewa hapa, ambalo lingepaswa kujaza mapengo hayo, halikuwepo, kwa sababu madarasa ya usajili ya 2020 na 2021, misimu ya 3–6 na 5–7, yalikuwa dhaifu na hayakuwahi kurekebishwa kwa watu wa sekondari. Mlikuwa mnaishi kwenye nyumba ya kupanga mkiisifu kama yenu, mpaka siku wapangaji kumi walipofunga mizigo kwa pamoja.

Safu ya mbele ndiyo inayoumizwa kuliko nafasi nyingine zote na mtindo huo. Mpokeaji wa pasi unaweza kumnunua Januari na akakufungia Septemba. Kasi haihitaji tafsiri. Mzuiaji hafanyi kazi peke yake. Watu watano wanapaswa kusogea kwa pamoja kwa neno moja la senta, mzuiaji wa katikati anayeanzisha mchezo, na neno hilo hulielewi kwa kusoma daftari. Chukueni mfano mdogo: mlinzi wa ndani anajirusha kumkumba mzuiaji wa pili, na mlinzi wa pembeni anazunguka nyuma yake kuingia katikati. Wazuiaji waliozoeana wanakabidhiana: wewe mchukue wangu, mimi namsubiri wako. Wasiozoeana wanamfuata kila mtu wake, wanagongana mabega, na mlango unabaki wazi mbele ya kwotabeki. Kutofautiana kwa nusu hatua kunatosha. Kijana wa sekondari mwenye kilo 125 anahitaji miaka miwili hadi mitatu ya chuma, chakula na marudio kabla hajaweza kusimama mbele ya mtu kama Verse. Huwezi kuifupisha miaka hiyo kwa hundi.

Mlituambia kabla ya msimu kwamba safu ni ya watu wazima: Darius Washington, Maurice Smith, Jeremiah Byers, Robert Scott Jr. Walikuwa wazima kweli, wengine wakiwa mwaka wao wa sita chuoni. Lakini umri wa aina hiyo hauji na afya. Majeruhi yakaanza, panga pangua ikafuata, na waliopaswa kuwa wanafunzi wao, waliokaa chuoni miaka miwili au mitatu wakisubiri zamu, walikuwa wachache mno.

Ombi letu la kwanza, na ndilo kubwa, ni la idadi. Safu ya mbele inahitaji watu 15 au 16 kikosini: watano wa kuanza, watano wa kuingia bila timu kutikisika, na watano au sita wanaokua. Mtoto akikaa miaka minne, maana yake ni kusajili wazuiaji 4 wa sekondari kila mwaka, ikinyesha au isinyeshe, hata mwaka ambao mnadhani mmejaa. Kikomo kipya cha wachezaji 105 kinachokuja na suluhu ya kesi ya House, ya wanamichezo waliodai malipo, kinawapa nafasi ambayo zamani, kwa nafasi 85 za ufadhili wa masomo, hamkuwa nayo. Nafasi hizo zikiishia kwa wapokeaji wa pasi tutajua hamkusoma barua hii.

Suluhu hiyo ikipitishwa na mahakama, kuanzia Julai chuo kitaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kiasi kinachotajwa kuwa kama dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa michezo yote. Jinsi mtakavyozigawa ndani ya timu ya futiboli ni siri yenu, na tunaelewa kwa nini. Tunachoomba ni kwamba mzuiaji wa mwaka wa pili anayekua vizuri alipwe ili abaki, kabla hamjampigia simu wa chuo kingine. Wachezaji sasa wanaweza kuhama kila mwaka bila kukaa nje, ilimradi masomo yao yako sawa. Mkimlea mtoto miaka miwili kisha akachukuliwa na jirani, mtakuwa mmefungua chuo cha mafunzo cha SEC, ligi ya wapinzani wetu.

Kuhusu mkataba wa Norvell tutasema kidogo, maana umeshasemwa sana. Nick Saban, kocha wa Alabama, alistaafu Januari 10, 2024, Alabama wakaanza kuchungulia huku na huku, na nyinyi mkaogopa. Ndani ya siku chache Norvell akawa na mkataba wa miaka minane wenye wastani wa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema alisifiwa na kufungiwa pia mlango wa kutokea, kwa sababu kumwachisha kazi baada ya msimu huu kungewagharimu zaidi ya dola milioni 60. Chuo hikihiki kilishamlipa kocha aliyemtangulia, Willie Taggart, takriban dola milioni 18 aondoke mwaka 2019. Tunakubali kwamba Norvell alionyesha uungwana Desemba alipokubali kuachia dola milioni 4.5 za mshahara wake wa 2025 zirudi kwenye mfuko wa programu. Lakini uungwana wa kocha si mpango wa fedha. Mkataba unaofuata, wa yeyote yule, uandikwe dhamana ya malipo ipungue timu inaposhindwa kufikisha ushindi 6.

Ulinzi haukuwa mbovu kama namba zinavyosema. Tulifungwa alama 336, wastani wa 28, karibu mara mbili ya zile 16 kwa mechi tulizofungwa katika mechi 13 za kwanza za 2023. Ila tazameni ulinzi huo ulichezaje siku ulipopumzika: California walitoka Tallahassee na alama 9 tu, na huo ndio ushindi wetu pekee wa ligi, 14–9. Duke, kabla ya mwaka huu, tulikuwa tumewafunga mara 22 katika historia bila kupoteza hata moja. Oktoba 18 walitufunga 23–16 huku shambulizi lao halikufika hata yadi 200. Mpira tuliwapa wenyewe, pasi zikinaswa na kurudishwa. Mlinzi anayeingia uwanjani, anakimbizwa dakika nne, anaketi, anaguswa begani baada ya sekunde 50 kwamba majaribio matatu yameshafeli na arudi tena, kufikia robo ya nne mikono yake inakamata jezi badala ya kiuno. Hivyo ndivyo mkimbiaji Omarion Hampton wa North Carolina alivyotupitia Novemba 2 na tukalala 35–11. Wiki iliyofuata Notre Dame wakatupiga 52–3, na siku moja baadaye makocha wasaidizi Alex Atkins, Adam Fuller na Ron Dugans wakaondolewa.

Halafu kuna jambo la kuchekesha kama si la kuliza. Idara iliyofanya kazi yake mwaka mzima ni ya mateke. Ryan Fitzgerald alipiga mikwaju 13 ya alama tatu na ikaingia yote 13, ukiwemo mmoja wa yadi 59 kule Dublin. Alex Mastromanno, Mwaustralia wetu wa kuondosha mpira, alikuwa miongoni mwa wapigaji bora nchini, na alipata mazoezi ya kutosha kweli! Timu inayojivunia mpigaji wa kuondosha mpira ni timu isiyosogea.

Sasa mmeleta benchi jipya la ufundi. Gus Malzahn ataongoza mashambulizi na kuita michezo, kazi ambayo Norvell alikuwa akiishika mwenyewe. Hatuna ugomvi na uteuzi huu. Malzahn tunamfahamu tangu Januari 6, 2014, Pasadena, tulipomfunga yeye na Auburn yake 34–31, Kelvin Benjamin akidaka pasi ya Jameis Winston zikiwa zimebaki sekunde 13. Ni mtu anayependa kukimbia na mpira, na kumleta Herb Hand kutoka UCF kufundisha safu ya mbele ni hatua sahihi. Tahadhari yetu ni kuhusu kasi. Shambulizi la Malzahn halisubiri. Mchezo ukiisha unaanza mwingine. Kasi hiyo ni nzuri unapopata yadi 5 kwa jaribio la kwanza. Ukipata 1, unafanikiwa kurudisha mpira kwa mpinzani ndani ya dakika moja badala ya mbili, na ulinzi unakufa mapema zaidi. UCF yake ilikimbia vizuri mwaka jana na bado ilimaliza 4–8. Aambiwe wazi: mpaka safu ithibitishe, saa iachwe itembee.

Tony White naye anatoka Nebraska na mfumo wa 3-3-5, walinzi watatu mbele, watatu kati, watano nyuma. Unachanganya wapinzani kwa sababu hawajui nani atakuja. Unahitaji mtu mmoja mzito sana katikati ya wale watatu, anayekula wazuiaji wawili bila kuondoka mahali pake. Darrell Jackson Jr. ana umbo hilo. Akiumia yeye, nyuma yake yupo nani? Joshua Farmer anakwenda NFL, Patrick Payton amehamia LSU. Swali la benchi linarudi kwa mlango mwingine.

Na kwotabeki mmemsajili Tommy Castellanos, yuleyule aliyekuja na Boston College Septemba akatutembeza. Mchezaji mzuri, mwepesi, Malzahn alikuwa naye UCF mwaka 2022. Lakini mmeona mnachokifanya? Baada ya mtu wa kusimama kushindwa, mmerudi kwa mtu wa kukimbia, ili miguu yake ifunike tena kile ambacho miguu ya Travis ilifunika. Atatuokoa mechi kadhaa. Halafu ataumia, kwa sababu kwotabeki anayekimbia ili kujiokoa hupigwa zaidi kuliko anayekimbia kwa mpango. Luke Kromenhoek, kijana wa mwaka wa kwanza mliyemwanzisha mechi mbili za mwisho, ameshaondoka kwenda Mississippi State. Kwotabeki wa Jacksonville tuliyemhesabu kuwa wetu akasaini Florida, watani wetu wa jadi, siku chache baada ya wao kutufunga 31–11 hapo hapo Doak.

Ratiba pia muitazame. Safari ya Dublin ilileta fedha na picha nzuri, lakini ilikuwa mechi ya ligi. Kutoka Ireland Jumamosi na kucheza mechi nyingine ya ligi Jumatatu ya wiki iliyofuata, dhidi ya mpinzani ambaye alikuwa hajacheza bado na alikuwa na filamu yetu nzima mkononi, ni kujipa mzigo bila sababu. Kufikia Septemba 2 tulikuwa 0–2 kwenye ligi. Mkitaka kupeleka timu ng'ambo tena, pelekeni mechi isiyo ya ACC, na wiki inayofuata iwe ya mapumziko.

Hiyo ACC yenyewe mliishtaki mahakamani Desemba 2023, mkisema kujitoa kungewagharimu zaidi ya dola milioni 500. Wanasheria wenu watajua zaidi. Sisi tunajua tu kwamba hoja ya kesi hiyo ni thamani ya jina la Florida State kwenye televisheni, na mwaka huu jina hilo lilikuwa likizimwa kabla ya nusu ya pili. Uwanja nao unakarabatiwa kwa dola milioni 265. Upande wa magharibi ulifungwa na nafasi zikapungua hadi kama 55,000. Viti hivyo vipya vya starehe vitauzwa kwa watu gani, iwapo kwotabeki anaangushwa mbele ya macho yao kila jaribio la tatu?

Dirisha la pili la uhamisho la mwaka huu wa 2025 linafunguliwa Aprili 16 na kufungwa Aprili 25. Tunaomba wasajiliwe wazuiaji wawili wenye misimu miwili au zaidi iliyobaki, mmoja wa kucheza pembeni na mmoja awezaye kucheza senta. Kwotabeki mwingine asiguswe, mpokeaji mwingine asiguswe. Mechi ya kwanza ni Agosti 30, nyumbani, dhidi ya Alabama, na mazoezi ya wazi ya majira ya machipuko yakifika tutakuja kukaa nyuma ya goli, tukitazama jezi namba 50 hadi 79, za wazuiaji, peke yake.

Wenu,
Mashabiki wa damu ya mzee na dhahabu